Dola ikitekwa: tunahesabu pesa zilizoibwa, hatuhesabu kilichovunjwa ili ziibwe

#1
Mleta uzi

Wakuu, salamu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama, arudi baadaye.

Kila mjadala wa ufisadi ninaoufuatilia huishia kwenye swali moja: "Wamepiga ngapi?" Mmoja anataja bilioni, mwingine anamrekebisha kwamba ni trilioni, tunashindana kwa masifuri, kisha uzi unazama. Nimefika mahali naona swali hilo linatupoteza. Mwizi wa ngazi ya juu haibi mpaka ang'oe mlango na kumfukuza mlinzi. Akishaondoka na begi, nyumba inabaki haina mlango wala mlinzi, na mvua inaingia. Sisi tunahesabu kilichokuwemo kwenye begi tu.

Kwanza tuelewane maneno, maana humu tunachanganya mambo matatu.

Rushwa ya kawaida tunaijua wote. Sheria ipo, inakuzuia, unatoa kitu kidogo ili afisa afumbe macho. Sheria inabaki palepale na kesho itamzuia mwingine. Ufisadi mkubwa ni huo huo uliovaa suti: zabuni inapandishwa bei, asilimia kumi inarudi kwa mlango wa nyuma. Utekaji wa dola ni mnyama mwingine kabisa. Mtekaji ananunua kalamu inayoandika sheria, mkono unaoteua mawaziri na wajumbe wa bodi, pengine hata mkono unaoandika hukumu. Akimaliza, anachofanya ni halali. Ukienda kumshitaki unaambiwa utaratibu ulifuatwa, na kweli ulifuatwa, maana kauandika yeye. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Dhana hii ilipata jina mwaka 2000, katika utafiti wa Joel Hellman, Geraint Jones na Daniel Kaufmann uliotolewa na Benki ya Dunia. Waliangalia makampuni katika nchi 22 za Ulaya Mashariki na zile zilizotoka kwenye Umoja wa Kisovieti. Serikali za kikomunisti zilikuwa zimeanguka, mali ya umma inagawanywa, na watu wachache wakawahi mezani kabla sheria za ubinafsishaji hazijakauka wino. Walichokiona ni kwamba kampuni iliyoteka inanawiri, na nyingine zote zinadumaa. Ukifikiria vizuri hiyo ndiyo habari nzima. Mfanyabiashara anayejua kwamba ushindi unaamuliwa ikulu hanunui mashine mpya wala hafundishi wafanyakazi. Anatafuta namba ya simu ya mtu aliye karibu na ikulu.

Sasa tuje kwenye mifano. Nitakaa sana Afrika Kusini, kwa sababu moja tu: wao waliamua kuanika nguo zao hadharani. Tume ya Jaji Raymond Zondo iliundwa Januari 2018, ikamaliza ripoti yake Juni 2022. Nchi nyingi zenye ugonjwa huo huo hazina hata ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Familia ya Gupta, ndugu watatu kutoka India waliokuja kuwa marafiki wa Rais Zuma, ilianza biashara nchini humo mwaka 1993. Aprili 2013 ndege iliyobeba wageni wao wa harusi ilitua kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof. Kambi ya jeshi, harusi ya raia. Watu walipiga kelele wiki chache, wakubwa wa chini wakalaumiwa, maisha yakaendelea. Machi 2016 naibu waziri wa fedha, Mcebisi Jonas, akasema hadharani kwamba aliitwa na akina Gupta na kuahidiwa uwaziri kamili. Baadaye akaongeza kwamba alitajiwa randi milioni 600, na 600,000 za kuanzia angeondoka nazo siku hiyo hiyo kama angekuwa na mfuko wa kuzibebea. Familia ilikanusha. Jonas alikataa. Wiki chache baada ya kikao hicho, tarehe 9 Desemba 2015, Rais Zuma akamfukuza waziri wa fedha Nhlanhla Nene na kumweka mbunge ambaye wengi hawakumfahamu, Des van Rooyen. Randi ikaporomoka, na baada ya siku nne tu ikabidi aondolewe, akarudishwa Pravin Gordhan.

Hapo ndipo ninapotaka muone. Nene hakuondolewa ili mtu achukue hela iliyokuwa juu ya meza yake. Mwenyewe aliiambia Tume kwamba aliondolewa kwa kukataa kusaini barua ya kuibeba mipango ya mitambo ya nyuklia kutoka Urusi. Hazina ni mlango. Anayetaka kupitisha kitu kikubwa hana budi kuanza na mlango.

Lakini mfano ninaoupenda (kama mtu anaweza kupenda uchafu) ni wa reli.

Shirika la Transnet liliamua kununua vichwa vya treni 1,064 vya kubeba mizigo. Makadirio ya awali yalikuwa randi bilioni 38.6. Mikataba iliposainiwa Machi 2014 ikawa bilioni 54.5. Tume ilionyesha jinsi kampuni za nje zenye uhusiano na akina Gupta zilivyoahidiwa kamisheni kubwa, katika mkataba mmoja wa Kichina ikifika takriban sehemu ya tano ya thamani yote. Hapa ndipo magazeti yalipoishia: bilioni kadhaa zimepigwa, wahusika watajwe.

Fuatilieni kilichotokea baadaye. Mikataba ile ikaingia mahakamani na kwenye ugomvi wa kodi. Mtengenezaji wa China akakaa na vipuri vyake. Vichwa vya treni vikaanza kuharibika kimoja kimoja, mamia yakaegeshwa yakisubiri spea. Huku nyaya za shaba za njia ya reli zinaibwa usiku, na shirika lililokuwa likisifika kwa wahandisi limeshapoteza wengi wao. Mwaka wa fedha 2017/18 Transnet ilisafirisha tani milioni 226 kwa reli. Mwaka 2022/23 ikasafirisha chini ya milioni 150. Makaa ya mawe yaliyopita kituo cha Richards Bay yalikuwa tani milioni 76 mwaka 2017. Mwaka 2023 yakawa milioni 47.

Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, Ulaya ikaanza kuhemea makaa ya mawe kwa bei ambayo wachimbaji hawajawahi kuiona. Afrika Kusini ina mgodi, ina bandari, ina mteja ameshika pesa mkononi. Haina treni. Malori yakapangwa foleni barabarani kubeba kwa gharama kubwa kile ambacho reli ingebeba kwa bei nafuu. Mauzo yaliyopotea hapo, mishahara ya wachimbaji, mrabaha wa serikali, vimo kwenye hesabu ya "wamepiga ngapi"? Havimo. Hakuna aliyeviiba. Havikuzaliwa tu.

Pembeni kidogo: shirika jingine la huko, la treni za abiria, liliagiza vichwa 70 kwa randi bilioni 3.5. Vilipofika vya kwanza, wahandisi wakasema vimekwenda juu mno kwa njia zao. Vikafika 13 tu kabla mahakama haijafuta mkataba mwaka 2017. Kwenye shirika lililotekwa, mtu mwenye futi ya kupimia huwa hayupo kikaoni.

Tumalize na mamlaka yao ya mapato, SARS, kwa ufupi. Ilikuwa inasifiwa dunia nzima. Septemba 2014 akaja kamishna mpya, washauri wa kampuni ya Bain wakaingia na michoro yao ya muundo, na kitengo cha kukusanya kodi kutoka makampuni makubwa kikavunjwa. Tume ya Jaji Nugent ilichunguza hilo mwaka 2018 na kusema maneno makali. Oktoba 2017 Hazina ilitangaza upungufu wa mapato wa takriban randi bilioni 50 kwa mwaka huo. Aprili 2018 kodi ya ongezeko la thamani ikapanda kutoka asilimia 14 hadi 15, mara ya kwanza tangu 1993. Uchumi ulikuwa umedorora pia, sikatai, haikuwa sababu moja. Ila tajiri aliyejua kwamba kitengo cha kumkagua kimevunjwa alipumua, na anayenunua sabuni akalipa asilimia moja zaidi.

Msumbiji ni mfano mfupi lakini unauma zaidi. Kati ya 2013 na 2014 zilianzishwa kampuni tatu za serikali: ProIndicus, EMATUM na MAM. Zikakopa takriban dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse na benki ya Urusi VTB, kwa maelezo ya ulinzi wa bahari na uvuvi wa jodari. Dhamana ya serikali ilisainiwa na waziri wa fedha, Manuel Chang, bila Bunge kuidhinisha. Bunge, yaani wale ambao Katiba inawapa kazi hiyo. Ukaguzi wa kampuni ya Kroll mwaka 2017 haukuweza kujua dola milioni 500 zilikwenda wapi, na ukaona vifaa vimeuzwa kwa bei iliyopandishwa kwa zaidi ya milioni 700. Maboti ya jodari yalibaki yakioza bandarini Maputo.

Aprili 2016 siri ikatoka. Shirika la Fedha la Kimataifa likasimamisha mkopo, wafadhili wakasitisha kuchangia bajeti. Sarafu ya metikali, iliyokuwa kama 30 na kitu kwa dola, ikakaribia 80 mwaka huo huo. Ukuaji uliokuwa asilimia 7 ukashuka hadi chini ya 4. Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa riba. Taasisi mbili za utafiti, CIP ya Maputo na CMI ya Norway, zilikaa mwaka 2021 zikapiga hesabu: deni la bilioni 2 liliisababishia nchi hasara ya angalau dola bilioni 11, na karibu watu milioni 2 wakasukumwa kwenye umaskini.

Mbili kwa kumi na moja. Hata ukidhani kila senti ya zile mbili iliibwa, bado kuna tisa ambazo hakuna aliyezila.

Na nisisahau: hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyefanya kazi peke yake na watu wa kwao tu. Ilihitajika benki ya Uswisi, wanasheria wa London, wakaguzi wa hesabu wenye majina makubwa, washauri wa kulipwa kwa saa. Kule Malaysia, mfuko wa serikali uitwao 1MDB ulioanzishwa 2009 ulikusanya dola bilioni 6.5 kwa hatifungani zilizosimamiwa na Goldman Sachs, na benki ikapata ada ya kama milioni 600. Ada ya kawaida haifiki hapo hata kwa mbali. Mtu akikulipa mara kadhaa ya bei ya sokoni na hujiulizi kwa nini, basi umekwisha kujua.

Naomba kuwasilisha.

#2

Mkuu hili ni gazeti sasa. Nimekaa mkao wa kula, nikimaliza nitarudi.

#3

Mleta mada, umeandika vizuri ila usituuzie mbuzi kwenye gunia. Afrika Kusini mgao wa umeme ulianza 2007/2008, akina Gupta hawajashika kitu. Eskom, shirika lao la umeme, iliomba ruhusa ya kujenga mitambo miaka ya 1990 ikanyimwa. Uzembe wa kawaida na sera mbaya navyo vinaua nchi. Ukiona kila ufa unasema "utekaji", hautasaidia mtu kurekebisha kitu.

#4
Mleta uzi

Mkuu #3, hapo umenishika, na ndiyo maana kwenye andiko sikugusa umeme. Serikali yao ilionywa tangu 1998 kwamba umeme ungepungua mwaka 2007 usipojengwa mtambo, ikapuuza. Mitambo ya Medupi na Kusile ilichelewa kwa miaka, na sehemu kubwa ya sababu ni usanifu mbovu na usimamizi mbovu.

Lakini angalia utekaji ulifanya nini kwenye kidonda kilichokuwepo tayari. Eskom ilikuwa na mgodi unaoiuzia makaa, Optimum, mali ya Glencore. Shirika likambana mwenye mgodi kwa faini, mgodi ukauzwa kwa kampuni ya akina Gupta iitwayo Tegeta kwa randi bilioni 2.15, na Eskom hiyo hiyo ikamlipa mnunuzi milioni 659 mapema, kabla makaa hayajafika. Shirika lenye upungufu wa umeme linatumia akili za wakuu wake kumtafutia mtu mgodi. Saa walizotumia hapo ni saa ambazo hakuna aliyekaa kuuliza kwa nini boila namba fulani inavuja.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe nusu. Uzembe ulitoboa mtumbwi. Utekaji uliwatoa mtumbwini waliokuwa wanachota maji. Februari 2023 Hazina ikabidi itangaze kubeba deni la Eskom la randi bilioni 254. Tume ilihesabu mikataba yote iliyochafuliwa na utekaji kuwa takriban bilioni 57, sehemu kubwa sana ikiwa ya Transnet na Eskom. Linganisha mwenyewe.

#5

Mimi nina swali la uchokozi. Korea Kusini chini ya Park Chung-hee ilikuwa ikulu na matajiri wachache wanagawana nchi. Indonesia ya Suharto kila biashara ina mtoto wa rais ndani. Zote zilikua kwa kasi. Mobutu naye alikula, Zaire ikafa. Wote walikula! Kwa hiyo tatizo siyo kula. Tatizo ni nini?

#6

#5 umeuliza swali la mtihani. Jibu la haraka: wenzetu wanakula wanawekeza kwao, wengine wanakula wanapeleka Uswisi.

#7
Mleta uzi

Jibu la #6 ni maarufu na lina ukweli ndani, ila halitoshi. Pesa ya Suharto nayo ilitoka nje nyingi tu.

Korea kulikuwa na kipimo ambacho tajiri hakuweza kukinunua nyumbani: soko la nje. Ukipewa mkopo nafuu, ulitakiwa uuze nje. Mnunuzi wa Marekani hajali wewe ni rafiki wa nani, anaangalia shati limeshonwa vizuri au vibaya. Ukishindwa, mkopo unakatwa. Upendeleo ulikuwepo, ila ulikuwa na mwisho. Sitetei ile serikali, iliwatesa watu. Naeleza kwa nini viwanda vilisimama.

Indonesia ilikuwa nusu nusu. Umaskini ulipungua kweli, mpunga, shule, barabara. Lakini kadiri watoto wa rais walivyokua, ndivyo kipimo kilivyolegea. Mwaka 1996 kampuni ya mtoto wake Tommy ilipewa hadhi ya kutengeneza "gari la taifa", ikasamehewa ushuru na kodi ya anasa. Gari lenyewe likaitwa Timor. Sasa cheka: lilikuwa Kia Sephia ya Korea lililobadilishwa jina, na ya mwanzo yaliletwa yakiwa yameshaundwa. Yaani Mkorea aliyebanwa auze nje ndiye aliyemuuzia mwenzake asiyebanwa. Shirika la Biashara Duniani liliukataa mpango huo mwaka 1998. Mwaka huo huo mabenki yaliyokuwa yamekopesha marafiki yakaanguka, uchumi ukasinyaa kwa kama asilimia 13, na Suharto akaondoka madarakani Mei. Transparency International mwaka 2004 ilikadiria kwamba alichota kati ya dola bilioni 15 na 35.

Mobutu yeye alikula mbegu. Shirika la shaba la Gécamines lilikuwa linatoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Fedha za kununua mashine na kuimarisha migodi ya chini zilichukuliwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 50,000.

Kwa hiyo kama unalazimisha nijibu kwa sentensi moja: tazama nani anaweza kumwambia rafiki wa mkubwa "hapana" na kesho akaamka bado ana kazi. Korea alikuwepo, japo ni mteja wa ng'ambo. Zaire hakuwepo.

#8

Dawa ni kunyonga. Wachina wananyonga, kwisha.

#9

Mkuu #8, Wachina wamenyonga miaka na miaka na kila mwaka wanapata wapya wa kuwakamata. Halafu kwenye dola iliyotekwa nani anashika kitanzi? Kitashikwa na mtekaji, atakayenyongwa ni yule aliyekataa kusaini.

#10
Mleta uzi

#9 amenimalizia maneno. Sheria kali mikononi mwa aliyeteka inageuka silaha yake. Oktoba 2016 Gordhan, yule waziri aliyerudishwa baada ya siku nne, alifunguliwa mashitaka ya ulaghai kuhusu kustaafishwa mapema kwa ofisa wa kodi. Wiki chache baadaye mashitaka yakafutwa. Fikiria: katika nchi nzima, yeye ndiye aliyeitwa mahakamani kwanza.

Aliyeniuliza kule inbox kuhusu dalili za mapema, nazitaja zile ninazoziamini. Angalia nani anaondolewa kwenye ofisi zisizo na kamera: mkuu wa kitengo cha kodi za makampuni makubwa, mhasibu mkuu, mwanasheria wa zabuni, mkuu wa upelelezi wa fedha. Waziri akibadilishwa tunaandika nyuzi kumi, mhasibu mkuu akihamishwa hakuna anayejua. Angalia "dharura" isiyokwisha, kwa sababu dharura ndiyo ruhusa ya kuruka zabuni. Na dhamana za serikali, hizo ziangalieni kwa macho manne. Mkopo unaingia kwenye bajeti na watu wanaujadili. Dhamana haionekani mpaka siku aliyekopa ashindwe, na siku hiyo inakuwa deni lako.

Moldova walijifunza kwa bei mbaya. Mwaka 2014 dola kama bilioni 1 zilitoweka kwenye benki tatu, takriban sehemu ya nane ya pato la taifa. Benki kuu ikaziba pengo kwa dhamana ya serikali ili wateja wasipoteze akiba. Mwaka 2016 dhamana hiyo ikageuzwa hatifungani za serikali za kulipwa kwa miaka 25. Wizi wa siku chache, na kuna wanaolipa ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa.

#11

Swali la mwisho mkuu, nina imani utalijibu. Hizi hela huwa zinarudi? Naona Chang alifungwa Marekani, Najib, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa 1MDB, kafungwa Malaysia. Si mwanzo mzuri?

#12
Mleta uzi

Ni mwanzo. Chang alikamatwa Johannesburg Desemba 2018, akakaa rumande kule karibu miaka minne na nusu mataifa mawili yakimgombea, Agosti 2024 baraza la mahakama la New York likamkuta na hatia, Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu. Najib Razak alishindwa uchaguzi Mei 2018, akaanza kutumikia kifungo Agosti 2022. Akina Gupta wawili walikamatwa Dubai Juni 2022, mahakama ya kule ikakataa kuwarudisha. Credit Suisse ililipa karibu dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza, na kuisamehe Msumbiji milioni 200. Weka hiyo 200 kando ya bilioni 11 za juu kule.

Ukitaka kujua mwendo wa pesa zinazorudi, fuatilia za Sani Abacha wa Nigeria. Alifariki Juni 1998. Uswisi imerudisha kwa mafungu, kesi zikapita nchi baada ya nchi, na mwaka 2020 zikapatikana dola milioni 311 zilizokuwa zimefichwa kisiwa cha Jersey, zikapitia Marekani, zikafika Nigeria mwezi Mei zikitengewa barabara na daraja. Mtoto aliyezaliwa mwezi aliofariki Abacha alikuwa anakaribia kutimiza miaka 22, na lile daraja lilikuwa bado linajengwa.